Mhandisi wa Masanduku

Ukimwamkia shikamoo, alikuitikia marahaba na papo hapo akakuuliza kama sanduku linawaka. Habari za nyumbani hakuuliza, za watoto hakuuliza, hata za mvua, ambazo kwetu Usoke mtu huulizwa kabla hajashuka kwenye baiskeli. Wengi walimwona ana kiburi cha watu wa mjini. Mimi mwenyewe nilimwona hivyo mwaka mzima, mpaka nilipomzoea nikajua kwamba kwake hilo swali la sanduku ndilo lilikuwa habari za nyumbani, za watoto na za mvua.

Tulimwita Mhandisi. Jina analo, na nyumba yao pale Gongoni, Tabora mjini, inajulikana, lakini sitalitaja, kwa sababu nitakayoyasema hapa yananihusu mimi kuliko yeye. Tulipokutana alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwembamba, mwenye kuvaa baibui na viatu vya mpira vya mvua hata wakati wa kiangazi. Alikuwa akifundisha mambo ya mawasiliano chuoni, kisha chuo kikampa gari na ruhusa ya kuja kufanya majaribio katika misitu ya miyombo kusini mwa reli, huko ambako simu ya mkononi ikiingia inabaki kuwa saa na tochi.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu wakati ule ilikuwa kuzunguka kwa pikipiki katika vijiji vya tumbaku, na kila Jumanne njia yangu ilipita karibu na kambi za warina asali. Ndiyo maana alinitafuta. Alikuja ofisini na sanduku la bati, ukubwa wake kama dumu la mafuta ya kula la lita tano, akaliweka mezani juu ya karatasi zangu, akasema anataka lipande pikipiki yangu.

Alinieleza mara moja tu, na nilielewa. Ndani ya sanduku mna redio ndogo na betri, juu lina antena, ubavuni lina kipande cha sola, mbele lina vitufe na kioo cha kuandikia ujumbe. Mnara hakuna. Sanduku moja likiwa karibu na jingine hupeana ujumbe, la pili hulipatia la tatu, mpaka ujumbe ufike zahanati ya kijijini au kwenye ofisi ya kata. Na kwa kuwa warina asali huhamahama na mimi siketi mahali pamoja, njia ya leo siyo ya kesho. Masanduku yenyewe huulizana kila mara nani yuko karibu na nani, yakachagua pa kupitia. Sanduku lisilo na jirani hukaa na ujumbe wake mpaka jirani apite. Kwa kambi za ndani kabisa, jirani mwenyewe nilikuwa mimi.

Walipokuja wageni wa chuo kutazama kazi yake, mmoja wao, mtu mchangamfu, akasema ameona wapagazi wa zamani wamerudi Unyanyembe, safari hii kwa redio. Wenzake wakacheka. Mhandisi hakucheka. Alisema msafara ulikuwa na kirangozi, mtu anayetangulia mbele akiijua njia, na wengine wote wakifuata mgongo wake; akipotea, wamepotea wote. Hapa hakuna kirangozi. Kila sanduku ni mpagazi na kila sanduku ni kirangozi, na hakuna hata moja linaloijua njia yote. Baadaye tukiwa garini aliniambia jambo ambalo hakuwaambia wageni: kwamba hilo ndilo linalompendeza na ndilo linalomnyima usingizi.

Aliogopa nyuki. Lazima niliseme, maana mtu aliyeishi miaka mingi na warina asali ungetarajia amewazoea. Tukifika kambini alibaki garini, vioo vimefungwa hadi juu, jasho likimtiririka, akiwasiliana na sanduku lililoko hatua ishirini kutoka hapo. Warina asali walimpenda kwa ajili hiyo. Walikuwa wakimsogezea asali dirishani kwenye bakuli, naye hufungua kioo kwa upana wa bakuli tu, akaingiza bakuli, akafunga. Asali aliila yote. Aliila kwa kijiko, bila mkate, kama mtoto.

Mzee Masanja ndiye aliyemtania zaidi. Huyu alikuwa mkubwa wa kambi ya mbali kuliko zote, mtu mwenye kicheko cha kusikika mtoni, aliyepanda mti kwa kamba akiwa na umri ambao wenzake wanakaa kibarazani. Mhandisi alikuwa ameyapanga mambo kwa daraja. Ujumbe wa ugonjwa hupita kwanza, wa moto wa msituni wa pili, wa msiba wa tatu, kisha habari za soko la asali na tumbaku, na salamu mwisho kabisa. Kila anayeandika hubonyeza kitufe cha daraja lake. Alisema njia ni nyembamba, na watu wote wakipita kwa pamoja hakuna atakayepita. Basi Mzee Masanja akagundua kwamba salamu zake kwa mkewe zinachelewa, akaanza kuzipeleka kwa kitufe cha ugonjwa. Nesi wa zahanati akipata ujumbe wa haraka, anakimbilia kioo, anasoma: mwambieni mama watoto nimekula vizuri.

Mhandisi alikasirika, akamfuata Mzee Masanja mpaka kambini, na kwa mara ya kwanza akashuka garini, baibui limefunikwa na wavu wa nyuki, ili amgombeze ana kwa ana. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi kwa adabu, kisha akamuuliza salamu zina kosa gani hata ziwekwe nyuma ya bei ya tumbaku. Mhandisi akarudi garini. Wiki mbili akatafuta jibu. Halafu akaja kuniambia kwamba mzee yule amemfundisha kitu: masanduku ya kambi yake ndiyo yaliyokuwa na njia nzuri kuliko yote, kwa sababu yalikuwa yanazungumza kila siku. Kambi zilizosubiri shida ndipo ziandike, zikiandika zilikuta njia imeshasahaulika, ikabidi itafutwe upya. Akazipandisha salamu daraja moja. Mzee Masanja akaacha kitufe cha ugonjwa, na nesi akapumzika.

Nyumbani kwake Gongoni mlango ulikuwa na kufuli tatu. Hakumruhusu mtu amchotee maji wala ampelekee barua. Dada wa sokoni akimwambia nyanya ni za leo, alikata moja palepale. Alinifundisha kwamba mtu akisema njia ya mkato iko kwake, muulize anayekaa nyuma yake. Hilo halikuwa fumbo, lilikuwa tukio. Kulikuwa na mlanguzi mmoja wa tumbaku aliyepata sanduku lililopotea, akalipeleka kwa fundi simu hodari akalichezea. Tangu siku hiyo sanduku lile likawa linajibu kila aliyeuliza kwamba kwangu ndipo karibu. Masanduku mengine yakaliamini. Habari za bei kutoka mjini zikawa zinaingia humo na hazitoki, na wakulima wa vijiji vitatu wakamuuzia yule mtu tumbaku yao bila kujua kilichosemwa mnadani.

Ilimchukua msimu mzima kulitambua. Alipolitambua hakwenda polisi wala hakumtafuta yule mlanguzi. Alikaa Gongoni mwezi mmoja akiandika, kisha akapita sanduku kwa sanduku akiyabadilisha. Tangu hapo hakuna sanduku lililoaminiwa kwa maneno yake. Ukishampa jirani ujumbe, ulitega sikio usikie kama kweli ameupitisha mbele. Asipoupitisha, ulimwandika, akiandikwa mara tatu, njia zote zilimkwepa. Alifurahi sana na kazi ile. Aliniambia ametengeneza kijiji ambacho hakuna mtu anayeweza kusema amefanya kitu ambacho hakukifanya.

Nilimwambia kijiji hicho kingekuwa kigumu kukaa. Akasema kigumu, lakini salama.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kwa ajili yake nimeanza kuandika.

Ilikuwa Jumanne kama nyingine. Jioni ile kulikuwa na mechi ambayo nchi nzima ilikuwa ikiingoja, na simu yangu, ambayo ndiyo redio yangu, ilikuwa karibu kuzima. Kwetu umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake. Ubavuni mwa sanduku Mhandisi alikuwa ameweka tundu la kuchajia simu, kwa ajili ya dharura, na alikuwa amenionya kwamba betri ni ndogo, haiwezi kulisha simu na redio ya sanduku kwa pamoja. Kwa hiyo asubuhi nilizima sanduku, nikachomeka simu, nikafunga mkoba, nikaondoka. Nilijiambia ni siku moja. Nilijiambia salamu za Jumanne zinaweza kusubiri Jumanne ijayo.

Saa nane mchana nilipita njia panda ya kambi ya Mzee Masanja. Sikuingia. Siku ambazo sina mkulima wa kumwona upande ule, sikuwa na sababu ya kuingia. Kupita tu kulitosha, masanduku yakapeana yaliyo nayo. Nakumbuka jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa na mchanga. Saa kumi na moja nilikuwa Usoke, nimeketi kibandani kwa muuza chai pamoja na wenzangu, simu imejaa, tunasikiliza mpira. Tulishinda.

Mzee Masanja alikuwa ameanguka kutoka mtini saa saba. Tawi lilimvunjikia akiwa ameushika mzinga. Nyonga ilivunjika na ndani alikuwa akivuja damu, ingawa wenzake hawakulijua hilo. Waliona tu anazidi kuwa baridi. Waliandika ujumbe kwa kitufe cha ugonjwa, sanduku likaandika kwamba linangoja jirani. Walijua siku ni Jumanne. Walijua mimi hupita. Mmoja wao alisikia hata mngurumo wa pikipiki yangu kule njia panda, akamwambia mzee, tulia, habari imeshaondoka, gari la kata linakuja. Basi hakuna aliyerudi kutazama kioo, wakakaa wakingoja gari. Kama nisingepita kabisa, wangembeba tangu mchana. Walimbeba alfajiri ya siku ya pili, kwa machela ya miti, na alikata roho kabla hawajafika barabara kuu.

Mhandisi alifika Usoke siku ya mazishi. Baada ya watu kutawanyika aliniita kando, karibu na gari lake. Alikuwa ameshalisoma sanduku la kambi, na lilikuwa limeandika kwamba tangu saa saba hadi usiku halikusikia jirani yeyote.

"Ulipita?" akaniuliza.

"Nilipita. Saa nane."

"Sanduku lilikuwa linawaka?"

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema kweli. Watu hupenda kusema neno liliwaponyoka, mimi halikuniponyoka. Nilimtazama, nikaona uso wake ulivyochoka, nikawaona wana wa marehemu wamesimama pale pale, nikasema, "Lilikuwa linawaka, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza la pili. Mtu aliyekata nyanya za sokoni, aliyelifundisha kila sanduku lisimwamini jirani yake, hakuniomba hata alifungue la kwangu alisome. Angelifungua tu angeona saa lilipozimwa. Aliamini kwa sababu ni mimi niliyesema, akarudi Gongoni kutafuta kosa lake.

Mwanzoni nilidhani angetafuta wiki moja akate tamaa. Sikumjua. Aliniomba nipite tena njia ile, siku ileile ya Jumanne, saa ileile, yeye akiwa kambini na sanduku lilelile. Nikapita, ujumbe ukafika. Akasema labda ni majani, siku ile yalikuwa mabichi zaidi. Tukangoja mvua ziyarudishe, nikapita, ujumbe ukafika. Akasema labda ni mwendo wangu, nipite kwa kasi zaidi. Nikapita kwa kasi. Akasema labda kulikuwa na ujumbe mwingi mbele yake, akajaza masanduku salamu za uongo mia na zaidi, nikapita, na ule wa ugonjwa ukatangulia kufika kama alivyoupanga. Kila ukifika, jioni, tukisharudi Usoke, nesi wa zahanati alimpigia simu kumpongeza. Kila ukifika, Mhandisi alizidi kunyamaza. Mashine yake ilikuwa nzima, na hakuna kitu kilichomtesa kama uzima huo, maana mtu alikuwa amekufa na hakuna palipoharibika.

Nilipita njia ile kwa ajili yake zaidi ya mara ishirini. Kila mara nilikuwa na sentensi moja kifuani ambayo ingemaliza kila kitu, na kila mara nilipofika kambini nikamkuta ameinamia kioo, niliimeza. Sijui niseme nilimwogopa, au niliwaogopa wana wa marehemu, au niliogopa kazi yangu. Vyote vilikuwepo. Lakini kadiri miezi ilivyokwenda likaongezeka jingine: kwamba sasa nikisema, sitakuwa nimekiri siku moja tu. Nitakuwa nimekiri kila Jumanne niliyomwacha asimame juani akitafuta.

Siku moja aliniomba nimpeleke kwa mjane. Mama Masanja Kiswahili anakisikia kidogo tu, na mambo mazito huyasema kwa Kinyamwezi, na Mhandisi Kinyamwezi chake kilikuwa cha sokoni tu, hakikuvuka salamu ya mwangaluka na bei ya karanga. Alitaka mimi nimfasirie. Nilitafuta udhuru nikaukosa.

Mjane alitukaribisha chini ya paa la jikoni, akatuwekea vigoda. Mhandisi alikaa na viatu vyake vya mvua, mikono magotini, akaanza kusema taratibu, akiniachia nafasi baada ya kila maneno machache. Alisema amekuja kuomba radhi. Alisema alimwahidi mzee kwamba ukibonyeza kitufe kile habari itafika, na haikufika. Alisema hajui kwa nini. Alisema, mashine ni yangu, mimi ndiye niliyeitengeneza, kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua mume wako.

Nikayageuza yote kwa Kinyamwezi, neno kwa neno. Nilipofika kwenye "mimi ndiye niliyemuua mume wako," ikabidi niyaseme kwa mdomo wangu mwenyewe, nikimtazama mjane machoni kama mfasiri anavyopaswa. Niliyasema. Yalikuwa kweli kabisa, na mtu pekee aliyejua kwamba yalikuwa kweli ni mimi.

Mama Masanja akasema miti imewaangusha wengi tangu enzi za babu zake, na kwamba mume wake alikuwa akizipenda zile salamu. Kabla ya sanduku alikuwa akiondoka miezi mitatu haijulikani yu hai au amekufa. Akasema hana kinyongo na mama huyu. Nikamgeuzia Mhandisi. Akalia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho niliyomwona, na mjane akamshika mkono, na mimi nikaketi katikati yao nikiwa sina la kufasiri.

Baada ya pale mambo yalianguka haraka. Alipoandika taarifa yake kwa wakubwa wa chuo hakuficha chochote. Aliandika kwamba mtandao ulishindwa kupitisha ujumbe wa daraja la kwanza, kwamba mtu amefariki, na kwamba chanzo hakijulikani. Ningekuwa mimi mkubwa wake, mbele ya taarifa kama hiyo ningefanya walichofanya wao. Walisimamisha majaribio, wakachukua gari. Masanduku yakakusanywa kutoka kambini. La kwangu alikuja kulifungua mwenyewe kwenye pikipiki, na nikajua sasa ataliwasha alisome, na nusu yangu ikashukuru. Aliliweka kwenye gunia pamoja na mengine. Akaniambia ameshayaona ya kutosha. La kwangu halina shida, mimi nilimhakikishia.

Warina asali wakarudia maisha yao ya zamani. Wake zao wakawa tena hawajui.

Aliendelea kutafuta peke yake nyumbani Gongoni. Nilikuwa nikimtembelea kila nikipata safari ya Tabora mjini. Chumba cha uani kilijaa karatasi, mistari na vidoadoa vinavyoonyesha nani anasikilizana na nani, na alikuwa akinieleza kwa saa nzima, kwa furaha ya ajabu, kwamba safari hii ameona: labda sanduku la kambi lilimwandika jirani yake vibaya kwa kosa la kusikia, likamkwepa. Labda ule ulinzi wake mwenyewe ndio uliouua ujumbe. Akaubomoa ulinzi wote, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, akauandika upya ukiwa dhaifu zaidi. Nikamtazama anavyoubomoa. Mara moja nilifika na azma kabisa. Nilikuwa nimeshalipanga neno langu tangu kwenye basi. Nikamkuta anaswali. Nikangoja barazani, nikamsikia anavyomtaja Mzee Masanja katika dua, nikainuka nikaondoka kabla hajakunja mswala.

Halafu nikahamishwa wilaya nyingine, na kwa miaka minne sikumwona. Nilisikia amestaafu. Nilisikia hatoki nje. Mwaka huu, mvua zilipokwisha, nilikuja hospitali ya Kitete kumwangalia shemeji yangu aliyelazwa, na nilipotoka wodini miguu yangu ikanipeleka Gongoni. Nilikuwa nimechoka. Sikupanga maneno safari hii.

Aliyenifungulia alikuwa Salma, binti wa kaka yake, anayekaa naye siku hizi. Kufuli hazikuwepo tena. Salma alinieleza ukumbini, kwa sauti ya chini, kwamba shangazi yake mwili hauna neno, ila watu wanampotea. Wa zamani sana anawakumbuka, wa karibuni wanakuja na kuondoka. Akaniambia nisiumie asiponitambua. Ilikuwa alasiri, uani kuna kivuli, na Mhandisi alikuwa ameketi mkekani, kanga mabegani, nywele zimekuwa nyeupe. Nikamwamkia. Akaitikia kwa upole, akanionyesha pa kukaa, akamwambia Salma alete chai.

Nilianza kabla chai haijafika. Nilimwambia kwamba ile Jumanne aliyoanguka Mzee Masanja, sanduku la kwenye pikipiki halikuwa linawaka. Lilizimwa asubuhi ili simu ipate chaji. Nilimwambia hakukuwa na kosa katika njia zake, wala katika madaraja yake, wala katika ulinzi. Nilimwambia ujumbe ulikuwa unangoja jirani, na jirani akapita amezima.

Alinisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wake. Akauliza sanduku lilizimwa saa ngapi. Nikamwambia saa mbili kasoro. Akauliza liliwashwa tena lini. Nikamwambia kesho yake. Akahesabu kitu kwenye vidole, midomo ikicheza, na kwa muda mfupi niliona yule mwanamke wa zamani, nikadhani amefika.

"Hapana," akasema. "Hilo haliwezekani. Nilimuuliza bwana shamba mwenyewe, siku ya mazishi. Aliniambia linawaka."

"Alikudanganya, mama."

Akanitazama sasa kwa ukali, macho yamekuwa madogo. "Wewe ni nani unayemsema mtu ambaye hayupo?"

"Mimi ndiye bwana shamba," nikasema. "Ni mimi, mama. Nilizima mimi."

Aliutafuta uso wangu kwa muda mrefu. Nilimwachia autafute. Nilivua kofia. Salma alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, hakuthubutu kusogea. Kisha Mhandisi akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemsamehe mgeni aliyekosea nyumba, akanigusa mkono.

"Bwana shamba ni kijana," akasema. "Na yule hasemi uongo. Katika watu wote niliofanya nao kazi kule, ni yeye peke yake ambaye sikuhitaji kumchunguza."

Salma akaweka sinia. Akamimina vikombe viwili, akatuachia. Mhandisi akanywa chai yake, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia natoka Kitete kumwangalia mgonjwa, akamwombea mgonjwa. Nikajaribu tena mara moja, kwa maneno mengine. Naye akanisogezea kikombe, akaniambia ninywe kwanza, inapoa.

Nilipoinuka kuaga alinizuia kwa kiganja. Alionekana amekumbuka jambo.

"Ukipita upande wa Usoke utamwona," akasema. "Mwambie bwana shamba asiache kuja. Mwambie nimekaribia kuliona lilipo kosa langu."

Nikamwambia nitamfikishia.